Kiraka na Toleo Jipya: Sasisho la Kompyuta Linamfaa Nani?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Kesho yake asubuhi kompyuta zenye mfumo huo ziliwaka kama siku zote. Hapa Uganda, vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere walipeleka flashi zao mtaa wa Wandegeya kuchapisha kazi za darasani, mashine za Nasser Road ziliendelea kutoa mabango na kadi za harusi, na karani wa duka kule Busia alilikuta jedwali lake la hesabu palepale alipoliacha. Hakuna skrini iliyozimika kwa sababu ya tarehe hiyo.

Kwa hiyo wapo waliosema habari za "kufa kwa Windows 10" ni mbinu ya wauza kompyuta. Wapo pia, hasa wenye ofisi ndogo, walioingiwa na hofu wakaanza kuulizia bei za mashine mpya. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Kinachowachanganya wote ni kudhani kwamba sasisho ni kitu kimoja, kumbe ule ujumbe unaochomoza pembeni mwa skrini unaweza kuhusu mambo matatu tofauti, na anayefaidika na moja si lazima afaidike na jingine.

La kwanza ni kiraka: marekebisho ya kasoro iliyokuwemo tangu programu ilipotengenezwa. Kiraka hakikuongezei kitu cha kuona kwa macho. La pili ni toleo jipya: sura mpya, vitufe vilivyohamishwa, huduma ambazo hukuziomba, na mara nyingi masharti mapya kuhusu aina ya mashine inayokubalika. La tatu halimo kabisa ndani ya kompyuta yako. Ni mabadiliko yanayofanywa kwenye seva za mbali, kama vile benki inapobadili tovuti yake au WhatsApp inapoamua kwamba simu za zamani basi. Mwenye nyumba akija kuziba paa linalovuja, unamshukuru. Akitumia safari hiyohiyo kubadili mlango, kuhamisha jiko na kukwambia kitanda chako hakifai tena humo ndani, una haki ya kumuuliza hayo yanahusianaje na mvua.

Msimamo wangu nautanguliza. Kiraka karibu kila mara kinamfaa mtumiaji wa kawaida. Toleo jipya mara nyingi linamfaa aliyelitengeneza kuliko anayelitumia. Na tatizo letu kubwa ni kwamba makampuni yameviunganisha viwili hivyo kiasi kwamba anayekikataa cha pili hujikuta, baada ya muda, amenyimwa na cha kwanza.

Kiraka kinaziba nini

Programu kubwa kama Windows ina mamilioni ya mistari ya maelekezo iliyoandikwa na maelfu ya watu kwa miaka mingi. Haiwezi kukosa kasoro. Nyingi ni za kuudhi tu, ila chache zinampa mtu wa nje njia ya kuingia bila nywila yako. Kasoro ya namna hiyo ikigunduliwa, mtengenezaji hutoa kiraka. Tangu Oktoba 2003 Microsoft imekuwa ikivitoa viraka vyake kwa mafungu, Jumanne ya pili ya kila mwezi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kiraka kikishatolewa hadharani, kompyuta ambayo haijakipokea inakuwa hatarini zaidi kuliko ilivyokuwa jana yake. Wadukuzi nao hukipakua, wakalinganisha faili ya zamani na mpya, na tofauti wanayoiona inawaonyesha tundu liko wapi. Kabla ya hapo huenda tundu lilijulikana na watu wachache duniani. Sasa linajulikana na yeyote mwenye ujuzi na muda. Anayesema "nimekaa miaka bila kusasisha na sijaona shida" anasema kweli kuhusu miaka iliyopita tu.

Kisa cha mwaka 2017 kinaonyesha hili vizuri. Tarehe 14 Machi mwaka huo Microsoft ilitoa kiraka cha tundu katika sehemu ya Windows inayoziwezesha kompyuta kugawana faili kwenye mtandao. Mwezi uliofuata, kundi lililojiita Shadow Brokers lilimwaga hadharani zana ya kudukua iliyotumia tundu hilohilo, zana inayohusishwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Tarehe 12 Mei kirusi kilichopewa jina la WannaCry kilianza kuzunguka: kinaingia, kinazifunga faili zote, kisha kinadai malipo ili kuzifungua. Kilifikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na nchini Uingereza hospitali kadhaa zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa.

Watu wengi wanakikumbuka kisa hicho kama adhabu ya kutumia kompyuta za kizamani. Sivyo kilivyokuwa. Sehemu kubwa ya mashine zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, toleo ambalo wakati huo lilikuwa bado linapokea viraka, na kiraka chenyewe kilikuwa kimekuwepo kwa karibu miezi miwili. Wenye mashine hizo hawakuhitaji kununua chochote. Wangeweza kubaki na toleo lao la mwaka 2009 bila kulibadilisha hata rangi, wakapona, kama tu wangekubali kiraka kimoja cha bure.

Kwetu Uganda mlango mkuu wa virusi kwa muda mrefu haukuwa mtandao, ulikuwa flashi. Duka la kuchapisha lenye kompyuta mbili linapokea flashi za wateja tangu asubuhi hadi jioni, na kila flashi imetoka kwenye mashine nyingine isiyojulikana. Aliyesoma chuo miaka hiyo anakumbuka: unafungua flashi yako, folda zote zimegeuka kuwa njia za mkato (shortcuts), na kazi ya kuwasilisha saa nane haionekani. Sehemu ya ugonjwa huo ilitokana na tabia ya Windows za wakati ule kuendesha programu iliyomo kwenye flashi mara tu inapochomekwa, bila kumuuliza mwenye kompyuta. Kirusi Conficker, kilichoibuka Novemba 2008 na kuambukiza mamilioni ya kompyuta duniani, kilitumia njia hiyo pamoja na tundu ambalo, kama kawaida, lilikuwa limeshatolewa kiraka mwezi mmoja kabla.

Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililoizima tabia hiyo kwenye Windows XP na Vista. Maambukizi ya njia hiyo yalipungua sana miezi iliyofuata. Sijawahi kuona tangazo la biashara likilisifu sasisho hilo, wala sidhani kuna mwanafunzi wa Wandegeya aliyejua kwamba limetoka. Lakini ukiniuliza ni badiliko gani la programu lililowasaidia watumiaji wa kawaida wa nchi hii kwa miaka 20 iliyopita, nitalitaja hilo kabla ya sura yoyote mpya ya Windows.

Kiraka basi si suala la mwenye kompyuta peke yake. Mashine moja ya duka isiyo na viraka ni tatizo la wateja wote wanaopita pale, na la ofisi wanazopeleka flashi zao baadaye. Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni hiki: matundu mapya ya Windows 10 yakigunduliwa, mashine ya kawaida haitapelekewa cha kuyaziba. Microsoft imesema programu yake ya kukinga virusi itaendelea kupata orodha mpya za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Hilo lina msaada, ila kumtambua mwizi ni jambo moja na kufunga dirisha analopitia ni jingine. Hatari haikuja siku ileile. Inaongezeka mwezi baada ya mwezi.

Matoleo yanayokula kumbukumbu

Mwaka 1995 Niklaus Wirth, mwanasayansi wa Uswisi aliyebuni lugha ya Pascal, aliandika makala akilalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito upesi kuliko kompyuta zinavyozidi kuwa na kasi. Mwaka huohuo ilitoka Windows 95, ambayo ilihitaji angalau MB 4 za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Windows XP ya 2001 ilihitaji MB 64. Windows 7 ilitaka GB 1. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka angalau GB 4, yaani takriban mara elfu moja ya ile ya 1995, na anayeitumia kwa GB 4 hizo anajua ni ya kusukuma kwa subira.

Tuwe waadilifu. Kompyuta ya leo inafanya mambo mengi ambayo ya 1995 haikuyaota: video, mikutano ya sauti na picha, herufi za lugha zote, ulinzi unaozitenganisha programu zisiibiane data. Hayo yanagharimu kumbukumbu. Lakini barua ya maombi ya kazi ina kurasa zilezile, na orodha ya karo ya shule ya Mbale ina safu zilezile. Mtu ambaye kazi yake haikubadilika analipia uwezo ambao hakuuomba, na analipia kwa kununua mashine mpya.

Kwa nini basi matoleo hayaishi? Kampuni inayouza programu ina tatizo la ajabu: bidhaa yake haichakai. Office 2003 iliandika barua vizuri, na ingeendelea kuandika vizuri milele. Mteja aliyeridhika hanunui tena. Kwa hiyo lazima kitu kibadilike, na ikiwezekana kibadilike kwa namna inayoonekana dukani. Baadaye makampuni yakagundua njia bora zaidi kwao, ya kuacha kuuza na kuanza kukodisha. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop na wenzake yatapatikana kwa kulipia kila mwezi tu. Kwa studio kubwa ya New York hilo ni gharama ya kawaida. Kwa kijana wa Nasser Road anayebuni kadi moja moja ni mzigo mwingine kabisa, na si ajabu kwamba wengi wamebaki na matoleo ya zamani, ya halali au vinginevyo.

Lakini hata aliyeamua kubaki hapewi nafasi ya kubaki kwa amani, kwa sababu faili husafiri. Mwanzoni mwa 2007 Office mpya ilikuja na aina mpya ya faili, ile inayoishia na docx. Aliyeandika kazi yake kwenye kompyuta mpya ya mjomba aliifikisha kwenye duka lenye Office 2003, na duka halikuweza kuifungua bila kwanza kupakua programu ya ziada kutoka mtandaoni, enzi ambazo mtandao wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Mtu mmoja alisasisha, kumi wakalazimika kumfuata. CorelDRAW, programu ya kubunia mabango na kadi, nayo iko hivyo hadi leo: faili iliyohifadhiwa na toleo jipya haifunguki kwenye la zamani mpaka mwenyewe akumbuke kuihifadhi kwa muundo wa nyuma. Msukumo wa kusasisha, mara nyingi, hautoki kwa mtengenezaji moja kwa moja. Unatoka kwa mteja wako, au kwa mkuu wako wa kazi, aliyetangulia.

Kuna matoleo yaliyokuwa hasara tupu kwa mtumiaji wa kawaida. Windows 8 ya Oktoba 2012 iliondoa kitufe cha Start ambacho watu walikuwa wamekizoea tangu 1995, kwa sababu Microsoft ilitaka kompyuta zifanane na tableti. Mwaka mmoja baadaye kitufe kikarudishwa, na Windows 10 ikairudisha menyu nzima. Mamilioni ya watu walijifunza kitu kipya, kisha wakajifunza kukisahau. Hata hivyo, Windows 8 hiyohiyo iliyochukiwa ndiyo ya kwanza kuja na kinga ya virusi iliyo kamili ndani yake, bila kununua wala kupakua kitu. Kwa mtu ambaye antivirasi yake ilikuwa ya kuazima ufunguo mtaani, hiyo ilikuwa zawadi ya kweli. Imefungwa pamoja na upuuzi, lakini zawadi.

Na mengine yaliyotufaa hayakuhitaji toleo jipya la mfumo hata kidogo. Mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma yake ya kuandika kwa sauti. Mwaka 2022 Luganda iliingia kwenye Google Translate. Mambo hayo yalifanyika kwenye seva za mbali, na mwenye kompyuta kuukuu yenye kivinjari kinachofanya kazi aliweza kutafsiri kwa Luganda siku ileile na mwenye mashine ya bei ya gari.

Neno kwenye sentensi hiyo la kuangaliwa ni kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome. Hapo ndipo wengi wanapokamatwa. Windows 7 iliachwa Januari 2020, na watu wakaendelea nayo bila wasiwasi, mpaka Februari 2023 Chrome ikatoa toleo la 110 lisilokubali tena Windows 7 wala 8.1. Kuanzia hapo tovuti moja baada ya nyingine zinaanza kukunja uso. Kwenye simu ni hivyohivyo: WhatsApp iliacha kuhudumia Android 4.0 na za nyuma yake Novemba 2021, na Oktoba 2023 ikaanza kutaka Android 5.0 au zaidi. Simu haikuharibika. Ulimwengu unaoizunguka ndio ulihama.

Bili inapofika Busia

Makala nyingi za kigeni kuhusu masasisho huandikwa na watu ambao mtandao wao haupimwi na umeme wao haukatiki. Wao wanajadili kama sura mpya inapendeza. Sisi tunaanza na bando.

Faili ya kusakinishia Windows 11 inazidi GB 5, na fungu la viraka la mwezi mmoja linaweza kuwa mamia ya MB. Uganda, tangu Julai 2021, data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12, ulioingia mahali pa ule wa mitandao ya kijamii wa shilingi 200 kwa siku ulioanza Julai 2018. Msamaha upo kwa data ya huduma za afya na elimu. Kwa sisi wengine, kiraka ambacho Microsoft inakitoa bure tunakilipia mara mbili, kwa kampuni ya simu na kwa serikali, na ukikipakua kwa mtandao wa simu ya mkononi kinaweza kumaliza bando ulilonunua kwa ajili ya kutuma ankara.

Ndipo yanapozaliwa mazungumzo ambayo fundi yeyote wa mji wa mpakani ameyasikia. "Fundi, hii mashine kila siku inaniomba niapdeti, inakula bando. Nifanyeje?" "Usijali mama, nakuzimia kabisa, haitakusumbua tena." Mama anashukuru, fundi analipwa, na kompyuta inayohifadhi risiti zote za kodi za duka inabaki na matundu yake. Siwezi kumlaumu mama. Ametatua tatizo alilonalo leo. Fundi ningemlaumu kidogo, kwa sababu kuna njia ya katikati naye anaijua: kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows kuna swichi iliyoandikwa metered, inayoiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ukiiwasha, Windows inapunguza sana upakuaji wa kujianzishia. Kisha mara moja kwa mwezi, baada ya ile Jumanne ya pili, unaipeleka laptopu mahali penye Wi-Fi isiyopimwa na kuiruhusu ivute.

Kwa shule au ofisi yenye kompyuta kadhaa kuna jambo bora zaidi. Windows 10 na 11 zinaweza kugawana masasisho kwenye mtandao wa ndani: mashine moja ikishapakua, nyingine zinavuta kwake vipande ilivyonavyo badala ya kila moja kwenda nje kivyake. Ni mpangilio wa bure, upo chini ya sehemu ya masasisho, na maabara ya kompyuta ya sekondari ingeokoa nao bando nyingi.

Kuna sababu nyingine ya kuzima masasisho ambayo haisemwi kwa sauti kubwa: Windows isiyo na leseni. Watu wanaogopa kwamba sasisho litaigundua "kreki", yaani programu ya kuiwasha Windows bila leseni, na kuifunga mashine. Hofu hiyo imepitwa na wakati. Windows 10 au 11 ambayo haijaingizwa ufunguo huweka maandishi ya kukumbusha kwenye kona ya skrini na kukuzuia kubadili picha ya ukutani, lakini kwa kawaida viraka vya usalama inavipokea. Kinachotisha ni kreki yenyewe. Ili ifanye kazi, mtu anakwambia uzime kinga ya virusi, uendeshe programu usiyoijua imetoka kwa nani, na kuipa mamlaka yote. Sitaki kuhubiri kuhusu haki za wenye programu, ingawa sheria ni sheria. Nasema tu kwamba kwa mtazamo wa usalama peke yake, Windows isiyo na ufunguo yenye viraka ni salama kuliko "iliyowashwa" kwa kreki na kuzimiwa viraka.

Umeme nao una sehemu yake. Ukikatika katikati ya sasisho la kawaida, Windows ikiwaka tena kwa kawaida hurudi ilipokuwa na kuanza upya. Hatari kubwa ni sasisho la BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows: likikatizwa, kompyuta inaweza kukataa kuwaka kabisa. Laptopu nyingi za mtumba zina betri zilizokufa na huishi kwa waya tu. Mwenye laptopu ya namna hiyo asikubali sasisho la BIOS mpaka apate betri nzima au chanzo cha umeme cha akiba.

Linapoharibu badala ya kutengeneza

Wanaoogopa masasisho hawajatunga visa vyao. Oktoba 2018 Microsoft ilisimamisha usambazaji wa toleo la 1809 la Windows 10 siku chache baada ya kulitoa, kwa kuwa lilikuwa likifuta faili za baadhi ya watu. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja yenye kasoro kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, ndege hazikuruka na benki zilisimama. Ile ya CrowdStrike haikumgusa mtumiaji wa nyumbani, maana ni programu ya mashirika. Ile ya 1809 ilikuwa toleo jipya, si kiraka cha kawaida cha mwezi, na walioumia ni waliokuwa mbele ya foleni.

Kutokana na hayo ninapendekeza mwendo wa aina mbili. Viraka vya mwezi, vipokee ndani ya wiki moja au mbili. Toleo jipya, liahirishe miezi kadhaa hadi waliotangulia wamalize kulia. Windows inaruhusu kusimamisha masasisho kwa hadi wiki 5, na kabla ya jambo lolote kubwa nakili faili zako kwenye diski ya nje. Flashi iliyozunguka maduka yote ya mji haifai kuwa nakala yako pekee.

Mwenye Windows 10 na anayenunua mtumba

Tuwarudie wenye Windows 10. Windows 11 haipokelewi na kila mashine: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, ambayo kwa Intel kwa jumla ni ya kizazi cha 8 kwenda juu. Microsoft inasema sababu ni usalama, na hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa chipu hiyo hutunza funguo za siri mahali ambapo kirusi hakifiki kirahisi. Lakini matokeo yake ni kwamba laptopu ya kizazi cha 6 yenye RAM ya GB 8, inayofanya kazi zote za ofisi bila kugugumia, imewekwa nje ya mstari.

Anayetaka kubaki ana muda kidogo. Microsoft ilifungua utaratibu wa viraka vya ziada kwa watumiaji binafsi hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Ni hatua chache ndani ya sehemu ya masasisho, na sioni sababu ya mwenye kompyuta binafsi kuziacha. Baadhi ya mafundi huingiza Windows 11 kwa njia ya mzunguko kwenye mashine zisizokubalika. Inaweza kufanya kazi, ila Microsoft yenyewe inasema mashine za hivyo hazina haki ya masasisho, kwa hiyo unaweza kupata sura mpya na kukikosa kiraka, yaani kinyume kabisa cha ulichohitaji.

Njia nyingine ni Linux, mfumo mwingine unaowekwa mahali pa Windows. Aina yake iitwayo Linux Mint ni ya bure, inakaa vizuri kwenye RAM ya GB 4, kila toleo lake kubwa huhudumiwa miaka 5, na mwenye mashine ndiye anayeamua asasishe lini. Ikiwa kazi yako ni kivinjari, barua na majedwali, LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, itakutosha. Ikiwa unategemea Photoshop, CorelDRAW au programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows pekee, usidanganywe na shabiki wa Linux, utateseka.

Kwa anayetaka kununua, soko litakuwa na mengi ya kuchagua. Desemba 2023 kampuni ya utafiti wa soko ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kugeuka taka kwa sababu ya mwisho wa Windows 10. Si zote zitakazotupwa. Ofisi za Ulaya zikibadilisha mashine zao, baadhi zitashuka Mombasa, zitavuka Malaba na kupangwa kwenye rafu za Kampala zikiwa zimepanguswa zikang'aa, pengine na Windows 11 iliyoingizwa kwa ile njia ya mzunguko. Kwa hiyo usiishie kutazama kilicho kwenye skrini. Soma jina la prosesa. Baada ya i3, i5 au i7 kuna kistari na namba: ikiwa ni i5-6300U, tarakimu ya kwanza inakwambia ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, namba ikiwa na tarakimu 5, kama 10210, soma mbili za mwanzo, ni kizazi cha 10. Ya kizazi cha 6 si lazima uikatae, hasa ikiwa unaitaka kwa Linux. Ila muuzaji anajua, au anapaswa kujua, kwamba mashine hiyo imepoteza thamani tangu Oktoba 2025, na bei aliyoitaja ya kwanza ni ya kabla ya hapo.